Mutoto anapokorota akiwa macho



Mwezi huu ninataka tuzungumuze juu ya kelele. Si kelele ya mashini za mugodi, ile tumeizoea hata tunalala nayo. Ni kelele ya mutoto anayevuta pumuzi kwa shida, kelele inayotoka kwenye koo, sawa mutu anayekorota. Lakini mutoto huyo hakulala. Yuko macho, anakuangalia.

Sitasahau usiku mumoja wa mwezi wa saba, wakati nilipokuwa ningali kijana katika kazi hii. Baridi ilikuwa kali. Saa munane ya usiku mama mumoja alifika na mutoto wake mugongoni, mutoto wa miaka mbili. Akaniambia: "Munganga, usisumbuke sana. Tangu magaribi alikuwa anakorota, lakini sasa kelele imepunguka. Nimekuja tu unipe siro ya kikohozi."

Tulipomushusha mutoto, niliona midomo yake imegeuka rangi ya majivu. Kila alipovuta pumuzi, ngozi chini ya mbavu ilikuwa inaingia ndani. Kelele ilikuwa imepunguka, ndiyo. Lakini haikupunguka juu anapona. Ilipunguka juu amechoka, na pumuzi iliyokuwa inapita ilikuwa kidogo sana, hata haikuweza tena kufanya kelele.

Mama yule hakuwa mujinga. Aliwaza sawa kila mutu angewaza: ugonjwa unaenda. Tulimupa mutoto oksijeni, tukamuvutisha adrenalini kwa kifaa kinachoigeuza kuwa ukungu, tukamupa na deksametazone. Asubuhi alikuwa analia uji. Lakini kama mama angengojea jua litoke, nisingekuwa na habari njema ya kuwaambia.

MULANGO MUDOGO

Weka vidole vyako mbele ya shingo na useme "aaa". Unasikia kitu kinatetemeka? Hapo njo pahali pa sauti. Pumuzi yote inayokwenda kwenye mapafu inapita hapo. Nyuma yake kuna mumiro, njia ya chakula. Juu ya njia ya pumuzi Mungu aliweka kifuniko kidogo ambacho kinafunga wakati tunapomeza, kusudi bukari isiingie kwenye mapafu.

Kwa mutu mukubwa mulango huu ni mupana kiasi. Kwa mutoto muchanga, pahali penye kubana zaidi panaweza kuwa na upana wa milimetre 4 hivi, ni kusema ni ndogo kuliko punje moja ya muhindi. Sasa tufanye hesabu. Mulango ule ukivimba milimetre moja tu kila upande, unabaki na milimetre 2. Nafasi ya kupitisha pumuzi haikupunguka nusu. Imebaki robo moja tu. Uvimbe huo huo kwa baba yake unaleta sauti ya kukauka na hakuna kitu kingine. Baba anakwenda kazi. Mutoto anapigana na kifo.

KELELE IKO WAPI?

Mbele ya kuita ugonjwa jina, sikiliza. Funga redio, mukalishe mutoto kwenye magoti, umuache atulie.

Kama kelele inatoka kwenye pua na mutoto anaonyonya vizuri, mara nyingi ni makamasi tu. Safisha pua kwa maji safi yenye chumvi kidogo.

Kama kelele ni sawa filimbi ndogo, na inasikika zaidi wakati wa kutoa pumuzi, shida iko chini, kwenye kifua. Inaweza kuwa asma ao ugonjwa mwingine wa mapafu.

Kama kelele ni nzito, ya kukwaruza, na inasikika zaidi wakati wa kuvuta pumuzi, shida iko juu, kwenye koo. Hii njo tunaizungumuzia leo.

Angalia tena kitu kimoja: je, kelele inakuja tu wakati mutoto analia ao anakimbia, ao iko hata akiwa ametulia? Mutoto ambaye kelele yake ya koo inasikika hata akiwa ametulia ni mugonjwa wa kupeleka hopitali. Haijalishi ni saa ngapi.

LARINGITE, KIKOHOZI CHA IMBWA

Hii njo sababu ya kawaida zaidi kwa watoto wa tangu miezi sita mupaka miaka mitatu hivi. Inaanza sawa mafua: makamasi, homa kidogo, siku moja ao mbili. Halafu usiku mutoto anaamuka na kikohozi cha ajabu, kikavu, sawa imbwa anabweka. Sauti yake imekauka. Akivuta pumuzi, koo inalia.

Ugonjwa huu unaletwa na virusi, wadudu wadogo wale wa mafua. Ndiyo maana amoksisilini haiuponyeshi, na dawa ya malaria haiuponyeshi pia. Watoto wengi wanapona ndani ya siku chache. Lakini usiku unaweza kuwa mubaya kuliko muchana, na mutoto aliyecheza vizuri saa kumi ya muchana anaweza kuwa katika hatari saa tano ya usiku.

Dawa inayosaidia ni deksametazone, mara nyingi kipimo kimoja tu, kwa kinywa ao kwa sindano. Inapunguza uvimbe wa mulango ule, lakini inaomba saa chache kwa kufanya kazi. Kwa mutoto aliyebanwa sana, hopitali inaongeza adrenalini ya kuvuta, ambayo inasaidia upesi, lakini nguvu yake inaisha ndani ya saa mbili hivi. Kwa hiyo mutoto anapaswa kubaki hapo aangaliwe. Msinunue dawa hizi kwenye soko na kugawanya vidonge nyumbani. Kipimo kinafuata kilo za mutoto.

Na wewe mama, unafanya nini njiani? Mukalishe mutoto wima kwenye magoti yako. Mutulize, juu mutoto akilia, mulango unabana zaidi. Mupe maji kidogo-kidogo kama anataka. Usimufunike uso. Wakubwa wetu walijua kwamba mutoto anapumua vizuri zaidi wakitoka naye inje kwenye baridi, na mwaka 2023 waganga wa Geneva, katika Uswisi, walipima jambo hili: watoto wenye laringite isiyo kali sana waliopelekwa inje kwenye hewa ya baridi kwa nusu saa walipata nafuu zaidi kuliko wale waliobaki ndani. Basi muvalishe nguo za kutosha kwenye mwili, lakini uso ubaki wazi.

KARANGA MOJA

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe.

Baba mumoja alileta binti wa mwaka moja na nusu mwenye kukohoa. Nilisikiliza kifua, nikasema: mapafu. Nikamupa antibiotike. Nyuma ya siku kumi akarudi, nikamupa ingine. Mara ya tatu alikuja nkambo wa mutoto. Huyo njo alisema, bila mimi kumuuliza: "Mujukuu wangu alikuwa anakula karanga na dada zake, akacheka, akasongwa, akakohoa mupaka macho yakawa mekundu. Kisha akanyamaza, tukasema imepita. Tangu siku ile anakohoa." Tukamutuma kwenye hopitali kubwa. Walitoa nusu ya karanga kwenye njia ya pumuzi ya kuume. Majuma matatu nilikuwa nimetibu karanga kwa antibiotike, juu sikuuliza swali moja tu: "Ilianza namna gani?"

Kumbukeni basi. Mafua yanakuja pole pole, lakini kitu kilichoingia kwenye koo kinakuja kwa mara moja: mutoto alikuwa muzima, anakula ao anacheza, na mara anasongwa. Kama jambo hilo lilitokea, mwambie munganga hata kama hakuulizi, na hata kama mutoto alinyamaza kisha. Kunyamaza si kupona. Labda karanga imeshuka tu chini zaidi. Picha ya kifua haionyeshi karanga kila mara. Wanapaswa kuingiza bomba lenye taa na kuitoa.

Vitu vyenye hatari nyumbani mwetu ni hivi: karanga, punje za muhindi, maharagi, mifupa ya samaki, kifuniko cha bik, kifungo, furanka ya chuma, mawe madogo yenye rangi ambayo watoto wanaokota kwenye malundo ya migodi. Karanga nzima isipewe mutoto mbele ya miaka mitano; itwange. Na pile ile ndogo ya mviringo, ya saa ao ya michezo ya watoto, ikikwama kwenye mumiro inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu. Hiyo haingoji hata kama mutoto anapumua vizuri.

MUTOTO AMESONGWA: FANYA HIVI

Kama anakohoa kwa nguvu, analia, anasema: umuache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mukono wako. Usimupige mugongo, usimupe maji, usiingize kidole kwenye koo bila kuona kitu. Kidole kinasukuma kitu chini.

Kama hawezi kukohoa, hawezi kulia, rangi inageuka: fanya upesi, na mutu mwingine atafute moto ao motokari.

Mutoto mbele ya mwaka moja: mulaze kifudifudi juu ya mukono wako, kichwa chini kuliko mwili, ukishika taya lake. Mupige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha mukono. Mugeuze, uso juu, na umusukume katikati ya kifua mara tano, kwa vidole viwili ao kwa kisigino cha mukono mumoja. Angalia kinywani. Ukiona kitu, kitoe. Kama hapana, rudia: tano na tano. Usimusukume tumbo hata kidogo.

Mutoto wa zaidi ya mwaka moja, ao mutu mukubwa: muinamishe mbele, umupige mara tano katikati ya mabega. Haikutoka? Simama ao piga magoti nyuma yake, funga ngumi, uiweke kati ya kitovu na mwisho wa mufupa wa kifua, ushike ngumi kwa mukono mwingine, na uvute ndani na juu, mara tano. Rudia. Mama mwenye mimba, tunasukuma kifua, si tumbo. Mwenye kuvutwa tumbo aende kuonwa na munganga kisha, hata kama anajisikia vizuri.

Akizimia: mulaze chini pahali pagumu, musukume katikati ya kifua mara thelathini kwa haraka, mupe pumuzi mbili kwa kinywa, angalia kinywani, uendelee mupaka musaada ufike.

Jioni moja, kisha kula, fundishaneni na bibi yako ao bwana yako na watoto wakubwa juu ya mto ao mutoto wa bandia. Msijipige kwa nguvu ninyi kwa ninyi. Siku ya hatari hakuna saa ya kusoma gazeti.

MAGONJWA AMBAYO CHANJO INAZUIA

Kuna mbili zinazoua upesi.

Ya kwanza ni uvimbe wa kile kifuniko kidogo tulichosema. Zamani uliletwa mara nyingi na mududu anayeitwa Haemophilus influenzae wa aina b. Mutoto ana homa kali, hakohoi sana, anakaa akiinama mbele, kinywa wazi, mate yanatiririka juu hawezi kuyameza. Mutoto huyo usimulaze chali. Usimufungue kinywa kwa kijiko kusudi uone koo. Kifuniko kinaweza kufunga kabisa. Mubebe sawa vile anavyokaa, uende.

Ya pili ni difteria. Inaleta utando wa kijivu kwenye koo, unaoshika sana na kutoa damu ukikwaruzwa. Shingo inaweza kuvimba, na sumu ya ugonjwa inapiga hata moyo. Tangu mwaka 1890, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba seromu inaweza kushinda sumu ile, na Behring akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1901. Hata leo dawa ni hiyo: seromu upesi, pamoja na penisilini ao antibiotike ingine, na watu wa nyumba wanaangaliwa pia. Watu wengine wanasema difteria ni ugonjwa wa zamani. Katika mwaka 2023 inchi ya Nigeria ilipata maelfu ya wagonjwa, wengi wao watoto ambao hawakumaliza chanjo.

Katika Congo yetu, chanjo ya difteria na ya Haemophilus ziko ndani ya sindano moja inayoitwa pentavala, iliyoingia katika mwaka 2009. Mutoto anaipata mara tatu: akiwa na majuma 6, majuma 10, na majuma 14. Mara moja haitoshi. Baba ambaye anahamahama kutoka mugodi huu mupaka ule, beba karti ya watoto pamoja na vyombo vya kazi. Mutoto aliyekosa sindano njiani, usione haya kumurudisha. Wataendelea pale alipoachia.

MUTOTO MUCHANGA ANAYELIA KOO TANGU KUZALIWA

Mama wengi wanaogopa hapa, na wengine wanasukumwa kutafuta mulozi. Mutoto ana majuma mawili, anavuta pumuzi na koo inalia, zaidi akilala chali, akinyonya ao akilia. Lakini ananyonya, kilo zinapanda.

Mara nyingi ni kwamba nyama za juu ya pahali pa sauti zingali laini, na zinainamia ndani akivuta pumuzi. Zinakuwa ngumu pole pole, na kwa watoto wengi kelele inaisha kati ya mwaka moja na miaka mbili. Hakuna dawa ya kunywa. Munyonyeshe akiwa kichwa juu, mupumuzishe katikati ya kunyonya, na umupime kila mwezi. Lakini kama kilo hazipandi, kama anageuka rangi, kama anasahau kupumua, ao kama sauti yake ya kulia ni ya kukauka, inapaswa daktari amuone.

SODA, MOTO NA NYUKI

Nyumba nyingi zinatengeneza sabuni kwa soda kostike. Wengine wanaleta asidi ya kazi katika chupa ya Fanta. Mutoto anaona chupa ya Fanta, anakunywa Fanta. Koo inaungua na kuvimba. Msimutapishe, juu kitu kinaunguza mara ya pili kikirudi. Msimupe mafuta. Sukutua kinywa, mwende, na mubebe chupa ile mukononi. Na leo hii, mbele ya kulala, vitu hivyo vitoke ndani ya chupa za kunywa.

Mutu aliyevuta moshi wa nyumba inayoungua, na sauti yake imebadilika, anaweza kuvimba koo saa chache kisha. Mutu aliyeumwa na nyuki, ao aliyekula kitu ao kupigwa sindano, na mara midomo, ulimi na koo vinavimba, anaomba sindano ya adrenalini kwenye paja, upesi.

NA SISI WAKUBWA?

Baba unayefanya kazi kwenye vumbi na moshi wa asidi, koo kukauka siku mbili tatu haishangazi. Lakini sauti iliyokauka zaidi ya majuma matatu, hata bila maumivu, ionwe na daktari wa koo. Kansa ya pale pa sauti inawapata zaidi wenye kuvuta tumbako, na pombe kali inaongeza hatari. Ikipatikana mapema, inaweza kupona.

Tezi kubwa ya shingo inaweza pia kubana njia ya pumuzi. Na yule anayekorota usiku mupaka nyumba inatikisika, halafu ananyamaza kabisa, halafu anashtuka akivuta hewa, na muchana anasinzia kazini: huyo apimwe, zaidi kama anaendesha kamio.

ALAMA ZA KUTONGOJA ASUBUHI

Kata sehemu hii, ubandike kwenye mulango:

1. Koo inalia hata mutoto akiwa ametulia.
2. Ngozi inaingia ndani, chini ya mbavu ao juu ya kifua.
3. Midomo ao ulimi ni wa buluu ao rangi ya majivu.
4. Hawezi kunyonya ao kunywa, mate yanatiririka.
5. Alisongwa kwa mara moja akiwa anakula ao anacheza.
6. Amelegea, anasinzia, hatambui watu.
7. Kelele inapunguka, lakini mutoto hapati nguvu. Hii njo alama ambayo inadanganya.

MAMBO TUACHE

Tuache kumuingiza mutoto chini ya bulangeti pamoja na chungu cha maji ya moto. Mvuke haikuonekana kuponya laringite, lakini watoto walioungua tunawaona.

Tuache kumimina mafuta ya mawese kwa nguvu kwenye koo; yanaingia kwenye mapafu na kuleta ugonjwa mupya.

Tuache kukata kilimi. Pahali pengi Afrika watu wanaamini kwamba kilimi kirefu kinaleta kikohozi. Kisu kile kinaleta damu nyingi, tetanosi na wadudu katika damu.

Tuache siro za kulaza mutoto. Mutoto anayepigania pumuzi anaomba nguvu zake zote. Mukimulaza kwa dawa, anaacha kupigana.

Na mbabula ya makala isilale ndani ya nyumba iliyofungwa, hata wakati wa baridi. Moshi unakwaruza koo, na ile gazi isiyo na harufu inaua jamaa nzima.

MASWALI YA WASOMAJI

Mama mumoja wa Likasi anauliza: "Mutoto wangu alipata laringite mara tatu. Banasema akipata ya ine atakufa. Ni kweli?"

Mama, hapana. Hesabu hiyo haiko. Kuna watoto ambao laringite inawarudilia kila wakati wa mafua, na wengi wanaacha wakikua, juu mulango unapanuka. Lakini ikirudi mara nyingi, ao ikianza mbele ya miezi sita, ao ikiwa koo inalia hata siku asipokuwa na mafua, daktari aangalie kama hakuna kitu kingine kinachobana.

Baba mumoja wa Kolwezi anauliza: "Usiku hatuna pesa, na hopitali inaomba pesa mbele. Tufanye nini?"

Baba, swali lako ni la kweli kuliko yote, na sina jibu la kukupendeza. Ninakuambia tu hivi. Usingojee siku ya ugonjwa. Katika kartie nyingi, majirani wanaweka kila mwezi kitu kidogo katika kikapu cha pamoja, na mutu mumoja mwenye moto anakubali kuamshwa usiku. Mama wa nyumba kumi wakikubaliana hivyo, wamefanya kazi kubwa. Na usiku ule, ukifika mulangoni, usiseme "mutoto anakohoa". Sema: "Mutoto anakosa pumuzi." Maneno haya mawili hayafungui mulango mumoja. Muonyeshe munganga ngozi inayoingia chini ya mbavu.

Wazazi wapenzi, ninawaomba kazi moja kwa juma hili. Watoto wakilala, ukae karibu nao dakika tano, usikilize namna wanavyopumua wakiwa wazima. Uangalie kifua kinavyopanda na kushuka. Mutu anayejua sauti ya mutoto wake akiwa muzima, atajua haraka siku sauti ile itakapogeuka.

Mwezi ujao tutazungumuza juu ya kuhara wakati wa mvua. Kaeni salama.